Restora ambamo sushi inapita yenyewe: namna mukanda wa Japani unafanya kazi, na sababu gani unaanza kusimama

Kuna aina moja ya video yenye kupita sana katika telefone. Watu wamekaa kando ya meza ndefu, na mbele yao sahani ndogo ndogo zinapita zenyewe, moja nyuma ya ingine, zikibeba wali na kipande cha samaki. Hakuna mutu wa kuzisukuma. Mwenye njaa ananyoosha mukono, anachukua sahani, anakula. Sahani zingine zinaendelea na safari yao.

Wenye kuangalia wanacheka, kisha wanauliza. Ni nani anahesabu? Kama mutu amekula sahani kumi na akasema saba, watajua namna gani? Sahani yenye imepita mbele ya watu mia, nani anajua nani alikohoa juu yake? Na ile samaki mbichi, haiwaletee ugonjwa?

Maulizo hayo ni ya maana, hata Wajapani wenyewe wanayauliza. Na lile la mwisho linamugusa moja kwa moja mwenye kuishi kando ya ziwa Kivu, Edward ao Tanganyika.

Mutu anaingia, anakaa, anakula

Kwa Kijapani, restora ya namna hiyo inaitwa kaiten-zushi, maana yake sushi yenye kuzunguka. Sushi yenyewe, watu wengi wanafikiri ni jina la samaki mbichi. Hapana. Sushi ni wali. Wanapika muchele wa Japani, ule wenye kushikana, kisha wanauchanganya na siki (ile watu wanaita vinegre), sukari na chumvi kidogo. Wanafinyanga tonge ndogo yenye kulingana na kidole gumba cha mutu muzima, na juu yake wanaweka kitu. Mara nyingi ile kitu ni samaki mbichi, lakini inaweza kuwa yai la kukaanga, kamba wa kuchemsha, samaki wa kuchoma, hata mahindi yenye kuchanganywa na mayoneze. Kwa hiyo mutu mwenye kuogopa kitu kibichi hatatoka na njaa. Restora hizo zinauza tena kuku wa kukaanga, frite, supu ya tambi na keki. Ni fasi ya familia, watoto wanapiga kelele, hakuna mutu mwenye kuvaa kravati.

Ku mulango kuna mashini. Mutu anagusa ekra, anasema wako watu wangapi, mashini inamutolea karatasi yenye namba. Namba ikiitwa, wanakaa. Kwenye meza kuna kila kitu: vijiti vya kulia, muchuzi wa soya, tangawizi yenye kulowekwa katika siki, vikombe, na unga wa chai ya kijani. Kila meza iko na robine yake yenye kutoa maji ya moto. Robine ile imeunguza wageni wengi, kwa sababu mutu mwenye kutoka mbali anaona robine kwenye meza na anafikiri ni ya kunawa mikono. Ni ya kutengeneza chai. Ya kunawa mikono ni kitambaa chenye maji, ao mutu anaenda ku lavabo.

Sahani moja inakuwaka mara nyingi na tonge mbili. Anayetaka anakula kwa vijiti, anayetaka anakula kwa mukono. Sushi ya mukono si aibu hata katika restora za bei kali. Katika muchuzi wa soya wanachovya upande wa samaki, si upande wa wali, juu wali ukilowa unavunjika. Kuna sheria moja yenye haijaandikwa kila fasi lakini kila mutu anaijua: sahani yenye umeshika ni yako. Kuirudisha kwenye mukanda kwa sababu umebadilisha mawazo ni mwiko.

Sasa hesabu. Zamani ilikuwa rahisi: kila rangi ya sahani na bei yake. Mutu akimaliza kula, sahani tupu zinabaki mbele yake kama munara, mutumishi anakuja, anahesabu nyeupe ngapi, nyekundu ngapi, anaandika fakture. Restora nyingi sasa ziko na kifaa chenye kupita kando ya ule munara na kusoma kitu kidogo cha elektroniki chenye kufichwa ndani ya kila sahani. Kampuni ya Kura Sushi, moja kati ya kubwa kule, ilifikiria namna ingine: kwenye meza kuna tundu. Mutu anaingiza sahani tupu ndani, mashini inaihesabu, na mufereji wa maji chini ya meza unaipeleka mpaka jikoni kuoshwa. Kisha sahani tano, ekra inacheza muchezo mudogo, na ukishinda, kadude kanatoka na kitu cha kuchezea ndani. Wazazi wa Japani wanajua namna gani mutoto mwenye ameshiba anaweza kumubembeleza baba yake akule sahani moja tena ili ya tano ipatikane. Wafanyabiashara wale si wajinga.

Bwana wa Osaka na chupa za biere

Watu wanasemaka kwamba Japani ni inchi ya mashini, kwa hiyo lazima mashini iwe imetoka kwa mainjinia wakubwa. Mukanda wa sushi ulitoka kwa mutu wa restora ndogo. Jina lake lilikuwa Yoshiaki Shiraishi. Alizaliwa mwaka wa 1914, akafariki 2001. Kisha vita ya pili ya dunia, alikuwa na kafasi kadogo ka kuuzia sushi katika eneo la Fuse, karibu na Osaka, ambalo leo liko ndani ya muji wa Higashi-Osaka. Eneo lile lilikuwa la viwanda vidogo. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wenye kutoka kazini na njaa, feza kidogo mufukoni, na saa kidogo ya kukaa.

Wakati ule sushi ya restora ilikuwa chakula cha bei ya juu. Mutu alikaa mbele ya mupishi, mupishi akamufinyangia tonge moja moja, na mara nyingi bei haikuandikwa hata kwenye ukuta. Mufanyakazi wa kiwanda hakuthubutu kuingia. Shiraishi alitaka kuuza kwa bei ya chini, lakini bei ya chini inahitaji watu wengi kuingia na kutoka, na watu wengi wanahitaji watumishi wengi. Hapo ndipo alikwama. Vijana walikuwa wanakimbilia kazi katika makampuni makubwa, na yeye hakupata wa kubeba sahani.

Siku moja alitembelea kiwanda cha biere cha Asahi. Akaona chupa zinapita zenyewe juu ya mukanda, zinajazwa, zinafungwa, zinaenda. Wenye kuwahi kuona ndani ya kiwanda cha Bralima pale Bukavu wanaelewa vizuri kile aliona: chupa hazibebwi na mutu, zinapanga mustari na kutembea. Watu wengi walipita pale mbele yake na kuona biere. Yeye aliona sahani.

Kutoka wazo mpaka restora, ilimuomba miaka mingi. Shida ya kwanza ilikuwa kona. Mukanda wa kiwanda unaenda sawa, lakini restora ni nyumba ndogo. Mukanda wake lazima uzunguke jikoni na urudi. Vipande vya mraba vikifika kwenye kona vinagongana ao vinaacha nafasi kati yao, na sahani inaanguka. Jibu lilikuwa vipande vyenye umbo la mwezi muchanga, vyenye kulala kimoja juu ya kingine kidogo, ili vikizunguka vifunguke na kujifunga kama kipepeo cha kujipepea. Ukiangalia vizuri video za leo utaviona chini ya sahani. Mikanda mingi ya aina hiyo inatengenezwa mupaka leo katika muji wa Kanazawa, upande wa magharibi wa Japani.

Shida ya pili ilikuwa mbio. Mukanda ukienda polepole sana, mteja anachoka kungojea na samaki inakauka. Ukienda mbio sana, mutu hana wakati wa kuchagua, na mutoto ao muzee anashindwa kushika. Shiraishi alijaribu, akajaribu tena, akafika kwenye sentimetre 8 kwa kila segonde moja. Ni karibu metre 5 kwa dakika, mwendo wa kobe mwenye hana haraka.

Mwaka wa 1958 alifungua restora yake, akaiita Mawaru Genroku Sushi. Mwaka wa 1970, Osaka ilipokea Maonyesho ya Dunia, mamilioni ya watu walipita pale, na mukanda wake ulikuwa kati ya vitu vyenye waliona. Kutoka hapo jina likaenea inchi nzima. Biashara yake ilipanda mpaka restora 240 hivi. Lakini haki yake ya pekee juu ya mukanda ilipoisha, wengine wenye feza zaidi wakaingia, na wakati anafariki, kampuni yake ilikuwa imebaki na restora 11 tu. Ni historia yenye wavumbuzi wengi wanaijua.

Nani aliondoka jikoni

Mukanda uliondoa mubeba sahani. Kulibaki mupishi. Katika restora za zamani, kijana anaweza kukaa miaka karibu kumi kando ya bwana wake mbele ya kuruhusiwa kusimama mbele ya wateja. Miaka ya kwanza ni kuosha na kupika wali tu. Mutu wa namna ile hawezi kulipwa mushahara mudogo, na sahani yake haiwezi kuwa ya bei rahisi.

Mwaka wa 1981, kampuni Suzumo ilitoa mashini ya kwanza ya kufinyanga tonge za sushi. Leo katika restora za mukanda, tonge nyingi zinatoka kwenye mashini za namna hiyo, zote uzito mumoja, na mutumishi mwenye glavu anaweka kipande cha samaki juu, chenye kimekwisha kukatwa. Wapenda sushi ya zamani wanakunja uso wakisikia hivyo. Lakini bila mashini ile, familia ya baba, mama na watoto watatu haingekula mpaka kushiba kwa bei ya siku ya kazi ya masaa machache.

Kwa miaka mingi bei yenye kujulikana ilikuwa yeni 100 kwa sahani, bila kodi. Kila mutu alijua. Mutoto wa shule alijua. Mwezi wa 10 mwaka wa 2022, Sushiro, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, iliacha bei ile: sahani ya chini ikaanza yeni 120 na kodi ndani, katika restora zake nyingi. Kwa feza ya wakati ule ni chini kidogo ya dola moja. Sababu zilikuwa tatu zenye kushikana: bei ya samaki ilipanda, mafuta na usafiri vilipanda kisha vita ya Ukraine, na feza ya Japani ilishuka mbele ya dola wakati samaki mingi inanunuliwa inje. Mutu wa hapa mwenye kuona bei ya unga na mafuta ya kupika ikibadilika kila wakati dola inapanda anaelewa bila kueleza sana.

Samaki mbichi na samaki wa ziwa

Hapa ndipo lazima kusimama muda murefu kidogo, kwa sababu vijana wengine wakiona video wanataka kujaribu nyumbani.

Samaki yenye inazunguka kwenye mukanda haitoki ziwani asubuhi na kuingia mudomoni saa sita. Sehemu kubwa imepita katika baridi kali. Katika samaki wa bahari kunapatikana munyoo mudogo mweupe wenye kuitwa anisakis, murefu wa sentimetre 2 ao 3, na ukiingia hai katika tumbo la mutu unaleta maumivu makali. Serikali ya Japani inaeleza wazi namna ya kuua munyoo huo: kupika, ao kugandisha samaki kwenye baridi ya digri 20 chini ya sufuri kwa masaa 24 ao zaidi. Siki haiui anisakis. Chumvi ya kupikia haiui. Ile wasabi kali yenye watu wanaona kama dawa, nayo haiui.

Kuna historia nzuri juu ya salmon, ile samaki ya rangi ya machungwa yenye inaonekana katika kila video. Wajapani wa zamani hawakukula salmon mbichi. Yao ya baharini iliogopwa kwa sababu ya minyoo. Waliitia chumvi na kuichoma. Katika miaka ya 1980, Norwe ilikuwa na salmon mingi yenye kufugwa na haikujua itaiuza wapi. Samaki wake walilishwa chakula cha kiwandani, hawakukula vile vidudu vya bahari vyenye kubeba munyoo. Wanorwe walienda Japani kueleza hivyo, miaka mingi, na watu wakawakatalia: rangi si yake, harufu si yake, salmon haikuliwe mbichi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja ya Kijapani, Nichirei, ilikubali kununua tani 5,000, kwa masharti kwamba itaiuza kama samaki ya sushi. Restora za mukanda, zenye zilikuwa zinatafuta samaki ya bei nafuu na yenye watoto wanapenda, ziliipokea kwa mikono miwili. Leo, Wajapani wakiulizwa ni sahani gani wanachukua sana kwenye mukanda, salmon inatoka ya kwanza mwaka kwa mwaka. Mugeni amekuwa mwenye nyumba. Watu wa Kivu hawatashangaa: sambaza nayo haikuzaliwa katika ziwa Kivu, ililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo nani anaweza kufikiria Goma ao Bukavu bila sambaza?

Lakini mufanano unaishia pale. Samaki wa maji baridi, ile ya ziwa na muto, ni hatari zaidi ikiliwa mbichi, na Wajapani wenyewe wanaiogopa. Inaweza kubeba minyoo ya aina ingine, yenye kukaa katika ini ao katika matumbo ya mutu miaka mingi. Zaidi ya hayo, pembeni ya maziwa ya mashariki ya Kongo kipindupindu hakijaisha. Samaki yenye imeoshwa na maji ya ziwa na kuliwa bila kupikwa ni mulango wazi kwa ugonjwa ule. Frigo ya nyumbani haisaidii: chumba chake cha barafu mara nyingi hakifiki digri 20 chini ya sufuri, na umeme ukikatika usiku mumoja, hesabu yote imeharibika. Makala haya yanaeleza sushi ya Japani. Tilapia ya Vitshumbi na ndakala wa Uvira ni wa moto: kukaanga, kuchemsha, ao kuchoma mupaka ndani. Mwenye kutaka kuonja ile ladha ya wali wenye siki anaweza kuufunga na yai la kukaanga, ao kipande cha samaki kilichokwisha kupikwa. Japani nayo inafanya hivyo, na hakuna mutu anasema si sushi.

Jikoni, saa na metre

Namna gani restora inajua sahani imezunguka muda gani? Mbele, watumishi waliangalia kwa macho. Sushiro ilianza kuweka kile kitu cha elektroniki chini ya sahani, na mashini ikapewa sheria: sahani yenye imetembea metre 350 inaondolewa yenyewe na kutupwa, hata kama haina kosa lolote. Kwa mbio ya Shiraishi, metre 350 ni kama saa moja na robo. Kura Sushi nayo, mwaka wa 2011, ilifunika kila sahani na kifuniko chepesi chenye kufunguka mutu akiinua sahani. Mavumbi haiingii, na mukono wa jirani hauingii kirahisi.

Kutupa chakula ni hasara, na ni hapo ndipo kompyuta iliingia. Inahesabu watu wangapi wamekaa, wakubwa wangapi na watoto wangapi, wamekaa dakika ngapi, na inakisia watakula nini katika robo saa yenye kuja. Mama mwenye kuuza bugali na samaki karibu na soko anafanya hesabu ile ile kwa kichwa: leo ni siku ya mushahara, nipike sufuria mbili, leo mvua, moja inatosha. Tofauti ni kwamba yeye akikosea, hasara ni yake peke yake.

Kidogo kidogo, kukaingia ekra kwenye meza. Mutu anagusa picha ya kile anataka, na jikoni wanakitengeneza wakati ule ule. Kinakuja juu ya njia ingine, ya sawasawa, mbio, mara nyingi ndani ya kigari cha umbo la treni, na kinasimama mbele ya meza yake tu. Samaki ni mupya, chakula hakitupwi. Mbele ya mwaka wa 2023, restora nyingi zilikuwa na njia zote mbili: mukanda wa zamani wenye kuzungusha kila kitu kwa kila mutu, na treni ya yule aliyeagiza.

Kisha kukatokea video ya Gifu.

Ulimi mumoja, hasara ya mabilioni

Mwezi wa kwanza wa 2023, video fupi ilienea Japani nzima. Kijana mumoja, ndani ya restora ya Sushiro katika muji wa Gifu, analamba mudomo wa chupa ya muchuzi wa soya yenye ni ya wateja wote. Analamba kikombe na kukirudisha kati ya vingine. Analowesha kidole na mate, anagusa sushi yenye inapita. Anacheka kwenye kamera.

Kwa muda wa siku moja, thamani ya kampuni mama ya Sushiro kwenye soko la hisa ilishuka karibu asilimia 5, maana yake zaidi ya yeni bilioni 16. Video zingine, za restora za makampuni mengine, zikatolewa moja kisha ingine, zingine za zamani; magazeti ya Japani yakaziita ugaidi wa sushi. Mwezi wa tatu, polisi ya Nagoya ilikamata watu kwa kitendo cha namna hiyo katika restora ingine. Sushiro ilimupeleka kijana wa Gifu mbele ya tribinali na kudai yeni milioni 67, karibu dola nusu milioni. Mwezi wa saba pande mbili zilisikilizana na kesi ikaondolewa.

Kwa mutu wa inje, inaweza kuonekana kama mambo imezidi. Ulimi wa mutoto mumoja kuangusha mabilioni? Lakini angalia biashara yenyewe imesimama juu ya nini. Mutumishi hayuko. Mwenye kulinda sahani hayuko. Chupa, vikombe, tangawizi, vyote viko wazi, na bei iko chini kwa sababu viko wazi. Mutu mwenye anakula bugali kwenye sahani moja na wenzake anajua kunawa mikono mbele ya wote si maonyesho. Mumoja akiingiza mukono muchafu, wote wanaondoka na njaa. Tofauti ni kwamba kwenye bugali mutu anawaona wenzake na anajua majina yao. Kwenye mukanda, yule mwenye ameketi kona ya mbele haumujui, na hautamuona tena.

Makampuni hayakujibu namna moja. Sushiro iliacha kuzungusha sushi ya wazi na kuleta tu ile yenye imeagizwa. Kisha ikaanza kuweka katika restora zake ekra kubwa kando ya meza, ambamo picha za sahani zinapita kama vile sahani zenyewe zilikuwa zinapita. Mutoto anagusa picha, sahani ya kweli inakuja na njia ya treni. Kura Sushi ilikataa kusimamisha mukanda. Ilikuwa na vifuniko vyake, na juu ya hivyo ikaongeza kamera zenye akili bandia, zenye kuangalia kama kifuniko kimefunguliwa na kufungwa tena bila sahani kuchukuliwa. Kamera ikiona jambo, watumishi wanajulishwa.

Kati ya hizo mbili, ya pili ndiyo yenye kumuelewa mutu mwenye njaa. Picha kwenye ekra haimuvuti mutu sawa na samaki yenye anaiona na macho, inakaribia, inakaribia, sasa iko hapa, kesho haiko. Furaha ya mukanda haikuwa kupata kile unachotaka. Ilikuwa kuona kitu chenye haukujua unakitaka. Lakini kamera juu ya kila meza ni bei ingine, na si kila mutu anapenda kula akiangaliwa.

Mukanda wenyewe umeshatoka Japani zamani. Kule London, restora YO! Sushi ilifunguliwa mwaka wa 1997. Kura Sushi iko Marekani tangu 2009, na leo inapatikana hata Texas, fasi ambako familia nyingi za Wakongomani zimepokelewa. Jamaa akituma video kutoka kule, inawezekana ni mukanda ule. Mifuniko ni ile ile, tundu la sahani ni lile lile, na muchezo wa watoto nao umevuka bahari.

Mwaka wa 2025 Osaka ilipokea tena Maonyesho ya Dunia, kisha miaka 55. Kutoka mwezi wa 4 mpaka mwezi wa 10, Kura Sushi ilikuwa na restora pale ndani, yenye viti 338 na mukanda wa metre 135 hivi, murefu kuliko mikanda yake yote. Juu yake, pamoja na sushi, kulipita vyakula vya inchi 70, kila kimoja chini ya kifuniko chake, na watu walipanga mustari masaa mengi kungojea namba yao iitwe.